Umri wa Samaki

Anayepanga samaki kwenye kasha la barafu humwoni uso. Amepiga magoti, kichwa na mikono vimezama ndani ya kasha, na wewe uliyesimama nyuma unaona mgongo uliolowa na nyayo mbili zilizokaukiwa na chumvi. Hivyo ndivyo nilivyomwona mjomba wangu kazini kwa mara ya kwanza, mashua ikiwa imetia nanga mbele ya dago moja, yaani kambi ya wavuvi, katika visiwa vidogo vya Mafia. Ilikuwa Januari, msimu wa kaskazi, na siku hiyo upepo wenyewe ulikuwa umelala. Saa 3 asubuhi mbao za sitaha zilikuwa hazikanyagiki kwa mguu mtupu. Mimi nilikuwa kijana wa shule niliyekuja kutembea wakati wa likizo, nikidhani kazi ya barafu ni kuimwaga tu.

Mjomba hakuwa mvuvi. Alikuwa mnunuzi: anapakia barafu Dar es Salaam, anashuka nayo hadi madagoni, ananunua kwa wavuvi siku mbili, kisha anarudi usiku kucha hadi Feri, pale Magogoni, awahi mnada wa alfajiri. Nilisafiri naye likizo tatu. Tangu hapo, kila nikimla samaki mzuri, mawazo yangu hayaendi kwa mpishi wala kwa mvuvi. Yanaenda kwa yule wa katikati, ambaye kazi yake ikienda vizuri hakuna anayejua kwamba ilifanyika.

Ngalawa iliposogea ubavuni, mjomba hakuangalia kwanza ukubwa wa samaki. Aliuliza: "Wa mshipi au wa jarife?" Halafu: "Mmemtoa majini saa ngapi?" Kisha akaingiza kidole chini ya shavu la samaki, ndani kabisa kwenye matamvua, akakitoa na kukinusa. Bei ilikuja mwisho.

Samaki wa mshipi ametoka hai mbele ya macho ya mvuvi. Wa jarife huenda alinasa saa 4 usiku, akapapatika hadi akafa, akalala humo wavuni mpaka alfajiri, katika maji ambayo wakati wa kaskazi hufika nyuzi 28 hadi 30. Tena kule kupapatika kunamaliza akiba ya nguvu iliyomo katika nyama, na samaki aliyekufa amechoka hukakamaa upesi na kulegea upesi. Wote wawili wanaweza kufika kwenye mashua saa ileile, mmoja akiwa kijana na mwenziwe mzee. "Huyu babu," mjomba alimwambia mvuvi mmoja aliyeleta changu wa jarife, ingawa changu huyo alikuwa ndio kwanza ametolewa majini, magamba yanang'aa. Mvuvi akacheka, akapunguza bei bila ubishi. Alijua anachoambiwa.

Nilichelewa miaka mingi kuelewa kwamba hayo hayakuwa mafumbo. Wataalamu wa uhifadhi wa samaki wana hesabu wanayoitumia kukadiria kasi ya kuoza. Kasi ya samaki aliye kwenye barafu inayoyeyuka, yaani nyuzi sifuri, ukiihesabu kuwa 1, basi kwenye nyuzi 10 inakuwa 4, na kwenye nyuzi 30 inakuwa 16. Ni makadirio, na samaki hawafanani, lakini hebu ipeleke hesabu hiyo kwenye ufuo wetu. Saa moja kwenye joto la nyuzi 30 ni kama saa 16 ndani ya barafu. Samaki aliyevuliwa alfajiri akakaa kwenye tenga mpaka adhuhuri, saa 6 tu, amekwisha kuishi siku nne za barafu. Ndiyo maana mjomba hakuuliza samaki ni wa lini. Aliuliza amekuwa wapi.

Wadudu wanaomwozesha samaki hawatoki nje kuja kumvamia. Wamo naye tangu baharini, kwenye ute wa ngozi, kwenye matamvua na kwenye utumbo, na akiwa hai mwili wake unawazuia. Akifa, mlango uko wazi. Barafu haiwaui, wala haimrudishii samaki ubichi alioupoteza. Inawapunguzia kasi tu. Kwa hiyo kazi yote ya mpangaji imo katika dakika za kwanza, na ndiyo sababu mjomba, mtu mpole kuliko wote ninaowajua, alikuwa mkali sana ngalawa mbili zikifika kwa pamoja.

Sasa nieleze upangaji wenyewe, maana ndipo uzuri ulipo.

Barafu ilitoka kiwandani ikiwa mapande makubwa marefu, mazito, yenye weupe kama moshi katikati. Mjomba hakuyavunja mapema. Yalipakiwa yakiwa mazima, yamebanana bila nafasi, yamefunikwa magunia na turubai juu. Pande zima linayeyuka polepole kwa kuwa eneo linaloguswa na joto ni dogo. Lakini pande hilohilo ukimwekea samaki halimfai, kwani linamgusa hapa na pale, na katikati inabaki hewa. Kwa hiyo lilivunjwa pale tu ngalawa inapoonekana. Kijana wa mashua alilitia kwenye gunia la katani, akalipiga kwa mchi hadi lisikike limelainika. Mjomba alijua kwa sauti. Mwanzoni mlio ni mkavu, kama kokoto. Baadaye unakuwa mzito, kama mchanga uliolowa. "Basi," anasema, na mchi unatua. Barafu yenye ncha kali alikuwa haitaki hata kuiona, kwa sababu inachana ngozi, na ngozi iliyochanika ni mlango mwingine.

Sakafu ya kasha ilitandikwa barafu unene wa shubiri moja. Kuta zake pia zilipakwa barafu, na hili ndilo watu wengi hulisahau. Joto haliingii kwa juu peke yake. Linapita kwenye mbao za ubavuni, linapita kwa chini, na samaki anayegusa ubao analipokea moja kwa moja. Kasha la mjomba lilikuwa na kuta mbili za mbao, na katikati yake alishindilia usumba wa nazi mkavu, akaziba kwa lami ili maji yasiingie, maana usumba ukilowa hauzuii tena kitu. Siku hizi pale ufukweni utaona mafriji mabovu yamelazwa chali yakifanya kazi hiyohiyo, na yanaifanya vizuri, kwa kuwa lile povu gumu lililo ndani ya kuta zake ni kinga bora ya joto hata mashine ikiwa imekufa zamani. Yanataka tu kusuguliwa, kwa sababu nyufa za plastiki huficha uchafu.

Kisha samaki. Nguru alipasuliwa, akatolewa matumbo na matamvua, akaoshwa kwa maji safi ya bahari yaliyotekwa upande wa mbali na dago, tumbo likajazwa barafu kwa mkono, akalazwa tumbo likiangalia chini ili maji yanayoyeyuka yasituame ndani yake. Kumjaza tumbo si mbwembwe. Nguru ni mnene, na baridi inayotoka nje peke yake inachukua muda mrefu kufika kwenye uti wa mgongo. Ukimjaza unampoza kwa pande mbili. Juu yake tabaka la barafu, juu ya barafu tabaka la changu na tasi, juu yao barafu tena. Kati ya samaki na samaki alikuwa anapitisha vidole vilivyofungwa kama kisu, anachomeka barafu penye uwazi wowote. Mikono ilikuwa imekufa ganzi, myekundu kama matamvua yenyewe, na kila baada ya muda aliitia kwenye ndoo ya maji ya bahari, ambayo kwake yalikuwa ya moto.

Waswahili tunasema samaki mkunje angali mbichi, na maneno hayo tumeyapeleka yote kwenye malezi ya watoto, hata tumesahau kwamba yalitoka kwa watu waliowashika samaki. Mjomba aliyasema akiwa na nguru mkononi. Samaki akishafikia kukakamaa anabaki na umbo alilokuwa nalo. Aliyetupwa amejipinda ndani ya ngalawa atakakamaa amejipinda, na ukimlazimisha anyooke ili aingie kwenye kasha, nyama inachanika ndani, pande kwa pande, nawe huoni hadi siku ya kumkata vipande, vinapokumegukia mkononi. Kwa hiyo aliwanyoosha wangali laini, mmoja mmoja, kwa namna ya mtu anayemlaza mtoto asimwamshe. Aliyekwisha kukakamaa alimwacha jinsi alivyo, akamtafutia kona inayofanana na umbo lake.

Jambo lililonishangaza zaidi ya yote ni jinsi alivyofurahia kuona maji yakitiririka. Mimi niliona hasara. Chini ya kasha palikuwa na tundu lenye kizibo, na kutwa nzima maji yalikuwa yakitoka kama uzi mwembamba. Tumelipia barafu, nikawaza, na sasa tunaimwaga baharini. Siku moja, mjomba akiwa amelala baada ya mkesha, nikakaza kizibo. Nilidhani nimetunza baridi. Tulipofungua Feri, samaki wa tabaka la chini walikuwa wamelala ndani ya maji mekundu, ngozi imepauka, matamvua yamekuwa kijivu, na harufu ilikuwa imeanza. Ni wale waliofika mwanzo, tuliowachagua kwa makini kuliko wote. Mjomba alipitisha mkono kwenye yale maji, akanitazama, akasema, "Mjomba, barafu isiyoyeyuka haifanyi kazi. Yale maji ndiyo joto la samaki linatoka."

Sentensi hiyo ina fizikia nzima ndani yake. Barafu haipozi kwa kuwa ni ya baridi tu. Inapoza kwa kuyeyuka. Joto linalohitajika kuyeyusha kilo moja ya barafu lingetosha kuyachukua maji hayohayo, kilo moja, kutoka nyuzi sifuri hadi nyuzi 80. Joto lote hilo linavutwa kutoka kwa samaki na kutoka ndani ya kasha, kisha linaondoka na maji. Ukipiga hesabu utaona kilo moja ya barafu inaweza kuwashusha karibu kilo tatu za samaki kutoka nyuzi 30 hadi sifuri. Lakini mjomba alipakia kilo kwa kilo, na safari ndefu alizidisha. Theluthi moja ni ya samaki. Iliyobaki ni ya jua, ya kuta za kasha, na ya kila mara kifuniko kinapofunguliwa. Yale maji nayo, yakiwa bado yana barafu ndani yake, yanapoza haraka kuliko barafu peke yake kwa sababu yanamzunguka samaki mzima bila kuacha upenyo. Shida ni kuyaacha yatuame na damu na ute, siku nzima, mpaka barafu iishe na yenyewe yapate joto. Hapo umewapikia wadudu supu.

Wale wavuvi wa ngalawa hawakuwa na barafu, nao nilijifunza kuwaheshimu. Wazee wao walikuwa wanaleta samaki ufukweni vizuri kabla ya kiwanda chochote. Samaki hakuachwa kwenye ngama, yale maji ya moto yenye mafuta na magamba yanayokusanyika chini ya chombo. Aliwekwa juu, kivulini mwa tanga, akafunikwa gunia lililoloweshwa maji ya bahari, na mtu mmoja alikuwa na kazi ya kulilowesha tena na tena kwa upo. Upepo ukipita juu ya gunia bichi unalikausha, na kule kukauka kunavuta joto. Ni kanuni ileile ya mtungi wa udongo unaotoa jasho. Upepo wa kusi unaifanya kazi hiyo vizuri sana. Wakati wa masika, hewa ikiwa nzito na mvuke umejaa, gunia halikauki, na siku hizo wavuvi wa zamani hawakwenda mbali. Gunia linampatia samaki saa chache tu, lakini saa chache ndizo walizozihitaji, na walijua idadi yake kwa majira.

Kuna samaki wanaotaka uangalifu wa pekee, na jodari ndiye wa kwanza. Si kama samaki wengi: mwili wake unabana joto, kwa hiyo nyama yake ya ndani huwa na joto kupita maji anayoogelea, na akipigana na mshipi kwa muda mrefu linazidi. Anatoka majini akiwa tayari anachemka. Samaki hachinjwi, dini imemwondolea hilo, lakini mjomba aliwaomba wavuvi wamkate jodari chini ya shavu angali na uhai ili damu itoke, kisha alimpa barafu kabla ya samaki yeyote, hata kama wengine walitangulia kufika. Hakuwa na upendeleo. Jodari, vibua na jamii yao wakikaa na joto, bakteria hutengeneza ndani ya nyama kemikali inayoitwa histamini. Haina harufu ya kukuonya, na kuichemsha au kuikaanga hakuiondoi. Mlaji huwaka uso, huwashwa mwili, kichwa kikamgonga, kisha watu husema ana mzio wa samaki. Mara nyingi hana. Alilishwa jodari aliyesahauliwa juani saa kadhaa, siku ambayo hakuna anayeikumbuka.

Papa na taa wana lao. Miili yao ina urea, ambayo baada ya kufa hugeuka amonia, na hiyo ndiyo harufu inayokata pua sokoni. Pwani hatukushindana nayo. Tuliwapasua, tukawatia chumvi, tukawaanika, na ng'onda mzuri wa papa ni hazina. Dagaa nao ni wadogo mno na tumbo lao hupasuka upesi. Wanaovuliwa kwa mwanga wa taa usiku huchemshwa kwa maji ya chumvi na kuanikwa asubuhi ileile, na wengi wanaoanikwa Unguja husafiri hadi Kongo. Huko barafu haina nafasi. Kujua ni nani wa barafu na nani wa chumvi ni sehemu ya ufundi huu.

Kinachonikera ni neno tunalolitamka sokoni kwa kukunja pua: "samaki wa barafu." Nimewasikia akina mama, tena wapishi hodari, wakimpita samaki aliyelazwa kwenye barafu na kwenda kumnunua aliyewekwa juu ya meza ya saruji, saa 7 mchana, nzi wakimzunguka, kwa sababu muuzaji ameapa kwamba ni wa leo. Na kweli ni wa leo. Najua dharau hiyo ilikotoka. Wachuuzi wengi humtia samaki kwenye barafu pale anapoanza kunuka, si pale anapotoka majini, na barafu imebebeshwa lawama ya jua. Wengine hugandisha maji wasiyojua yametoka wapi, na barafu chafu humpaka samaki uchafu wake. Lakini samaki aliyetiwa barafu safi dakika ile alipotoka kwenye mshipi, akakaa humo siku tatu, ni mdogo kwa umri kuliko yule wa leo aliye mezani. Macho yake yanaweza kuwa na ukungu kidogo, maana barafu hufanya hivyo. Mfungue shavu. Mbonyeze mgongo kwa kidole uone kama shimo linarudi. Mnuse, anukie bahari.

Mashua ilikuwa ikifika Feri bado giza. Mjomba alifungua kasha mwenyewe, na kitu cha kwanza alichotafuta kwa mkono hakikuwa samaki. Alitafuta barafu iliyobaki. Ikiwepo barafu kati ya samaki na samaki, alijua hesabu yake ilitimia; ikiwa imeisha, hata kama samaki walionekana wazima, hakuwapigia debe mbele ya dalali. Waliponyanyuliwa, nguru waliacha vitanda vyao ndani ya barafu, kila mmoja na umbo lake, hata alama ya mapezi. Ile barafu iliyosalia hakuimwaga. Aliwagawia wachuuzi wa baiskeli kwa ajili ya matenga yao, kwa kuwa safari ya samaki ilikuwa haijaisha, na wao ndio waliokuwa wanaingia kwenye jua.

Samaki mmoja alikuwa hapelekwi mnadani. Tulimchukua nyumbani kwa mama yangu, dada yake, amefungwa kwenye gunia bichi na kibonge cha barafu tumboni. Safari ile ya mwisho alikuwa kolekole. Mama alimpokea mlangoni, akamfungua shavu kwenye mwanga wa asubuhi, akambonyeza.

"Wa leo?"

"Wa juzi," mjomba akasema.

Mama akamfungua shavu tena, akamtazama kaka yake, kisha akavuta mbuzi ya nazi akakaa.